Samaki wa kwenye simu hawana msimu: sloti za uvuvi zinavyofanya kazi

Dodoma iko mbali na bahari. Samaki wetu wengi wanatoka bwawa la Mtera na Hombolo, wengine wanaletwa na magari kutoka Mwanza, na anayetaka kuona mawimbi inabidi apande treni au basi hadi Dar es Salaam. Lakini pita kwenye vijiwe vya bodaboda, kuanzia Nzuguni hadi Chang'ombe, au kaa na wanafunzi wiki ambayo boom limeingia. Utakuta simu zimejaa maji ya bluu, papa, pweza na mvuvi mwenye kofia anayevuta ndoano. Hizo ni sloti za uvuvi, na pamoja nazo yanazunguka maneno mengi: kwamba samaki wakubwa hutoka saa nane usiku, kwamba ukiliwa mfululizo usiondoke kwa sababu mchezo uko karibu kutema, kwamba kuna jamaa Telegram anauza "signo" za kujua spini ipi italipa.

Nimesikia maneno hayo kutoka kwa watu wenye akili zao, watu wanaojua kubana hesabu ya mafuta na hesabu ya bosi hadi shilingi ya mwisho. Wanababaika kwa sababu mchezo wenyewe umejengwa kwa namna inayobabaisha, na picha ya uvuvi ina kazi kubwa humo. Uvuvi wa kweli una tabia zake: subira, kukaa pale samaki wanapouma, kusoma maji, kutokata tamaa baada ya kukosa. Bwawani tabia hizo zinalipa. Kwenye sloti ndizo zinazomaliza hela.

Tuanze na maneno yenyewe. Sloti ni mchezo wa kubahatisha wenye magurudumu ya picha. Unaweka dau, unabonyeza, magurudumu yanazunguka, yakisimama picha zikijipanga kwa namna iliyowekwa unalipwa. Mzunguko mmoja ndio spini. Wengi wetu tuliifahamu kupitia dubwi, zile mashine za mtaani zinazokula sarafu za mia mbili. Ya mtandaoni ni ndugu yake, ila hela inaingia kutoka kwenye simu. Mstari wa malipo ni njia ambayo picha zinatakiwa kujipanga ili ulipwe. Waildi ni picha inayoweza kusimama badala ya nyingine. Skata ni picha ambayo ikitokea mara kadhaa, popote pale, inakufungulia spini za bure, yaani mizunguko ambayo hukatwi dau.

Chukua mfano unaojulikana kuliko yote, Big Bass Bonanza, uliotengenezwa na Reel Kingdom na kusambazwa na Pragmatic Play tangu Desemba 2020. Una magurudumu 5, safu 3 na mistari 10 ya malipo. Skata 3 zinakupa spini 10 za bure, 4 zinakupa 15, na 5 zinakupa 20. Kuna samaki ambao kila mmoja ameandikiwa kiasi cha hela. Ndani ya spini za bure anatokea mvuvi, na kila akitokea anakusanya hela za samaki wote walioko kwenye kioo. Wakifika wavuvi wanne unaongezewa spini 10, na samaki wanaanza kulipa mara 2 ya kilichoandikwa. Wanne wengine, mara 3. Wanne wengine tena, mara 10. Ushindi wa juu kabisa ni mara 2,100 ya dau.

Sasa angalia kwa karibu jambo ambalo wachezaji wengi hawalisemi. Katika spini za kawaida, zile unazolipia, samaki wenye hela mgongoni wanatokea vilevile. Unamwona ameandikiwa mara kumi ya dau lako, wakati mwingine zaidi, amekaa katikati ya kioo. Kiasi hicho hukipati, kwa sababu mvuvi wa kukikusanya haji kwenye spini za kawaida. Macho yameona hela, mkono umeikosa, na ndani yako unaona kama samaki amekuponyoka. Hakuponyoka. Katika spini ile kiasi kilichoandikwa mgongoni mwake hakikuwa cha kulipwa hata kidogo.

Kinachotokea ukibonyeza

Simu yako haichezi chochote. Inaonyesha tu. Mchezo uko kwenye seva ya kampuni, na ndani ya seva kuna programu inayozalisha namba zisizotabirika, nyingi mno kwa kila sekunde. Ukibonyeza, namba inachukuliwa, inageuzwa kuwa picha, matokeo yanahifadhiwa, kisha ndipo simu inaanza kukuchezea filamu ya magurudumu. Yaani maji yanapoanza kuruka, jibu limeshajulikana. Kugusa kioo ili magurudumu yasimame mapema, kubonyeza kwa kidole kile kile, kuhesabu hadi tatu kabla ya kubonyeza, hakuna kinachobadilisha namba iliyokwisha kuchukuliwa. Na bando likikatika katikati ya spini, kwa mchezo uliotengenezwa vizuri ukirudi hewani utakuta matokeo yaleyale yakikusubiri.

Wengine huuliza: mbona picha ya samaki mkubwa naiona inapita kila mara kwenye gurudumu, halafu haisimami? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19, huko San Francisco, fundi aitwaye Charles Fey alitengeneza mashine ya Liberty Bell yenye magurudumu matatu ya chuma. Gurudumu la chuma haliwezi kukudanganya sana. Likiwa na nafasi 10, basi kila nafasi ina uwezekano wa moja kati ya 10, na kupata picha fulani kwenye magurudumu yote matatu ni moja kati ya 1,000. Mwaka 1984 Inge Telnaes alipata hataza, yaani haki ya umiliki wa ubunifu, Marekani kwa njia nyingine: kompyuta ichague namba kwanza, na namba hiyo ndiyo iamue gurudumu lisimame wapi. Kwa njia hiyo picha inayochukua nafasi moja kati ya 10 machoni inaweza kupewa namba moja tu kati ya 100. Kwa magurudumu matatu, uwezekano uliokuwa moja kati ya 1,000 unakuwa moja kati ya 1,000,000, na kwa macho hakuna kilichobadilika.

Ndiyo maana kuchunguza kioo hakukufundishi kitu. Kinachopita mbele yako si ushahidi wa kile kilicho kwenye hesabu.

Maji yasiyo na kumbukumbu

Mvuvi wa Mtera anajua vitu ambavyo mimi na wewe hatuvijui. Anajua mvua zikiingia maji yanakuwaje, perege wanakaa wapi, kambale wanapenda tope lipi, upepo ukigeuka atege wapi. Akikosa tangu alfajiri ana sababu ya kubaki hadi jioni, kwa kuwa hali ya maji inabadilika. Samaki waliomo ni wale wale. Wakivuliwa wanapungua, wakiachwa wanaongezeka. Bwawa lina kumbukumbu, na mvuvi anaisoma kumbukumbu hiyo.

Seva ya sloti haina. Spini ya 501 haijui kwamba 500 zilizotangulia zimekula. Haikuonei huruma na haikukomoi. Uwezekano wake ni ule ule wa spini ya kwanza. Kwa hiyo msemo wa "imeshakula sana, sasa itatema" unatumia akili ya bwawani mahali ambapo hakuna bwawa. Kosa hili ni la zamani na halina uhusiano na elimu wala umaskini. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Matajiri waliokuwepo walizidi kuweka hela kwenye nyekundu, wakiamini zamu yake imefika, na walipoteza fedha nyingi sana usiku ule.

Saa nane usiku nayo iko hivyo hivyo. Seva haijui kwamba Dodoma kumelala. Imani hii inaishi kwa sababu aliyeshinda saa nane anapiga picha ya kioo na kuirusha kwenye grupu, na saa inaonekana pale juu. Waliopoteza saa hiyo hiyo wamezima simu wakalala.

Asilimia 96 maana yake nini

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko pote, na naomba tupitie taratibu. Kila sloti ina kiwango cha marejesho, kinachoandikwa kwa herufi RTP. Big Bass Bonanza ya awali ina RTP ya 96.71%. Mtu akisoma hivyo anasema: basi nikiweka 5,000 mbaya zaidi nitarudi na 4,800 na kitu, hasara ya nauli tu.

Sivyo. Asilimia hiyo inahesabiwa kwenye kila dau, siyo kwenye hela uliyoingiza. Tuseme mchezo una RTP ya 96%. Umeingiza 5,000 na unacheza dau la 200. Spini 10 kwa dakika ni mwendo wa kawaida kabisa, kwa hiyo kwa saa moja ni spini 600. Mara 200, umezungusha shilingi 120,000. Ulizipata wapi wakati mfukoni ulikuwa na 5,000? Ni zile zile, zikishinda kidogo zinarudi kuwekwa dau, zikishinda tena zinarudi tena. Kampuni inachukua wastani wa asilimia 4 ya zote zilizozunguka, na asilimia 4 ya 120,000 ni 4,800. Ile 5,000 yako yote, kasoro 200. Hakuna aliyekuibia na hakuna namba iliyobadilishwa. Hiyo ndiyo kazi ya 96% kwa saa moja.

Huo ni wastani. Mmoja atamaliza 5,000 kwa dakika tano, mwingine atatoka na 30,000. Lakini kadiri unavyokaa ndivyo hesabu inavyozidi kukusogelea, na hapa subira ya mvuvi inageuka kuwa mzigo: kukaa muda mrefu kunampa samaki zaidi aliye ziwani, na kunampa hasara zaidi aliye kwenye simu.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo matangazo huyapita. La kwanza, watengenezaji wengi hutoa mchezo mmoja kwa viwango tofauti vya RTP, na kampuni inayokuchezesha ndiyo inayochagua kipi iweke. Samaki wale wale, muziki ule ule, kumbe huku ni 96 na kule ni 94. Kwa mfano wetu wa hapo juu, 94 ina maana ya hasara ya wastani wa 7,200 kwa saa badala ya 4,800. Kiwango halisi mara nyingi kimeandikwa ndani ya mchezo wenyewe, kwenye kurasa za maelezo au sheria, chini kabisa, kwa maandishi madogo. La pili, kodi ya zawadi ya ushindi, pale inapokatwa, haimo kwenye RTP. Namba ya mtengenezaji haijui kodi ya nchi yako.

Halafu kuna suala la ukali. Michezo miwili inaweza kuwa na 96% zote mbili, mmoja ukilipa vidogo vidogo mara nyingi, mwingine ukinyamaza kwa muda mrefu halafu ulipe kikubwa kwa nadra. Sloti nyingi za uvuvi ziko upande wa pili. Sehemu kubwa ya marejesho imefichwa ndani ya spini za bure, kwa mvuvi na wazidishaji wake. Mtu anayecheza na 3,000 zake, zikaisha kabla skata tatu hazijatokea, hakucheza mchezo wa 96%. Alicheza ile sehemu ya mchezo inayolipa kidogo, akaacha mfukoni mwa kampuni hela iliyokwenda kumlipa mtu mwingine.

Shangwe ya hasara

Hiki ndicho kitu ninachotamani kila kijana anayecheza akitazame mara moja kwa makini. Dau ni 200, limegawanywa kwenye mistari 10, yaani 20 kila mstari. Unabonyeza. Samaki watatu wanajipanga kwenye mstari mmoja. Maji yanaruka, kengele inalia, maandishi ya dhahabu yanapanda: umeshinda 100! Simu inatetemeka mkononi. Uliweka 200, umerudishiwa 100. Umepoteza 100, na umepigiwa vigelegele.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, akiwemo Mike Dixon, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Walipima jinsi ngozi ya mchezaji inavyoitikia msisimko, wakakuta mwili unaitikia hasara ya aina hii kwa namna inayofanana na ushindi wa kweli. Mtu anaweza kuwa anashuka spini baada ya spini huku mwili ukimwambia anapanda.

Ndugu yake ni ile ya nusura. Skata mbili zimeshakaa, gurudumu la mwisho linapunguza mwendo, muziki unapanda, skata ya tatu inachungulia juu ya kioo, inapita. Kwa mvuvi, kamba ikivutwa kidogo ni habari njema, kwa sababu samaki yupo pale. Kwenye sloti, skata mbili bila ya tatu ni sawa na kutoona skata kabisa; hazisemi lolote kuhusu spini inayofuata. Luke Clark na wenzake wa Cambridge walionyesha mwaka 2009 kwamba nusura ya namna hii huamsha sehemu za ubongo zinazohusika na kushinda, na humfanya mtu atake kuendelea ingawa mwenyewe anasema haikumfurahisha.

Uingereza walichukua hatua. Tangu tarehe 31 Oktoba 2021, sloti za mtandaoni kule haziruhusiwi kushangilia marejesho yaliyo sawa na dau au chini yake, wala kumaliza spini moja kwa muda usiofika sekunde 2.5, wala kujizungusha zenyewe. Mwaka 2025 wakaweka kikomo cha dau: pauni 5 kwa spini kwa wenye umri wa miaka 25 na zaidi, na pauni 2 kwa wenye miaka 18 hadi 24. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba kelele na kasi ni maamuzi ya mtengenezaji, na yakitakiwa kubadilika yanabadilika.

Kuna pia michezo ya kupiga samaki risasi, ambayo wengi huiona ni ya ujuzi kwa kuwa unalenga. Kila risasi ni dau. Samaki akipigwa, kufa au kutokufa kwake kwa kawaida kunaamuliwa na bahati nasibu ile ile, na anayelipa sana amepewa uwezekano mdogo. Kulenga vizuri kunakusaidia usipoteze risasi majini, basi. Wanaomfuata samaki mmoja kwa risasi 40 wakiamini amechoka, wanafanya kosa lile lile la "itatema".

Na jamaa wa signo

Kama matokeo yanatoka kwenye seva wakati unapobonyeza, mtu wa Telegram hana namna ya kuyajua. Anachojua ni kiungo chake cha kujisajili. Kampuni nyingi hulipa kamisheni kwa anayeleta wateja, na baadhi ya mipango hiyo humpa mletaji sehemu ya kile mteja anachopoteza. Fikiria maana yake: anayekuuzia siri ya kushinda anaweza kuwa analipwa ukishindwa. Wengine hutuma programu ya kupakua nje ya maduka rasmi ya programu, yenye samaki wanaofanana na wa mchezo halisi. Humo hakuna RTP ya kujadili. Aliyeitengeneza anaweza kukuachia ushinde siku mbili za kwanza, halafu ukitaka kutoa hela uambiwe ulipie kwanza "ada ya uthibitisho".

Nchini kwetu anayesimamia mambo haya ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Leseni haikuongezei nafasi ya kushinda hata kidogo. Inachokupa ni mahali pa kulalamika ukinyimwa malipo yako. Kwa tovuti isiyo na leseni hapa, utamlalamikia nani?

Watu wananiuliza pia kama kuna anayeshinda kweli. Wapo. Jamaa aliyeonyesha laki nane kwenye simu yake huenda alizipata kihalali kabisa, kwa sababu mchezo mkali hauwezi kufika 96% bila kuwalipa wachache vizuri. Laki nane ile imetoka kwenye madau ya wengi ambao hukuona simu zao. Na spini yake inayofuata ina uwezekano ule ule na yako.

Kwa yule ambaye mchezo umeshamzidi, anayekopa ili arudishe, anayeficha simu kwa mkewe au mumewe, anayecheza hesabu ya bosi: Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, umo kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Mirembe, ambayo watu wanaendelea kuitaja kwa kunong'ona wakati ni hospitali ya afya ya akili kwa yeyote anayeihitaji. Kwenda kule kuongea na daktari hakumfanyi mtu kuwa kichaa, dada zangu na kaka zangu.

Na kwa anayecheza na anaamini yuko juu kidogo, omba taarifa ya miamala kwenye mtandao wako wa simu, ya miezi mitatu. Jumlisha zote zilizokwenda kwa kampuni ya michezo, jumlisha zote zilizorudi, toa. Usihesabu salio lililo ndani ya mchezo, wala bonasi, wala spini za bure ulizopewa. Hesabu hela iliyotoka na hela iliyoingia kwenye simu yako.